Idhini na Ridhaa: Kisa cha Hazina ya Arbitrum (2023–2025)

0. Utangulizi

Katika lugha ya utawala kuna vitenzi ambavyo watu huvitumia kana kwamba ni pacha, hali kila kimoja kina kazi yake. Kupitisha, kuidhinisha, kuridhia, kuthibitisha: katika kumbukumbu za mikutano yetu vitenzi hivi hupokezana nafasi bila mtu kushtuka. Anayeandika kwamba mkutano « uliidhinisha » matumizi na anayeandika kwamba mkutano « uliridhia » matumizi hudhaniwa wamesema jambo lilelile.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Tutaeleza kisa kilichotokea mwezi wa Machi na wa Aprili 2023 katika jumuiya iitwayo Arbitrum, ambayo ni mojawapo ya jumuiya kubwa zinazosimamia fedha kwa njia ya blokcheni. Mgogoro wake ulihusu mali iliyokaribia thamani ya dola bilioni moja za Marekani. Tukiuchunguza kwa macho ya mwanaisimu, tunaona kwamba chanzo chake kilikuwa swali la kitenzi: je, watu walioitwa kupiga kura waliitwa kuruhusu jambo ambalo halijatendeka, au kuonyesha kuwa radhi na jambo lililokwisha kutendeka?

Tulisukumwa kuandika na mwanafunzi mmoja ambaye, alipokuwa akitafsiri habari za kisa hiki katika zoezi la darasani, alisimamisha kalamu akauliza: « Mwalimu, ikiwa fedha zimekwisha kutumika, hiyo kura ni ya nini? » Swali hilo halikuwa la tafsiri tu. Ni swali la historia na la siasa pia, na jibu lake limo kwa sehemu kubwa ndani ya msamiati wa Kiswahili.

Tutaanza na istilahi chache, kisha tutarudi nyuma hadi 2016 kutazama jaribio lililotangulia, halafu tutafuata kisa cha Arbitrum hatua kwa hatua. Mwishoni tutachambua vitenzi vyenyewe na kutazama yaliyofuata hadi 2025.

1. Istilahi na mambo ya msingi

Blokcheni ni daftari la hesabu. Kinacholitofautisha na daftari la benki ni kwamba halitunzwi na karani mmoja: nakala zake zimo katika kompyuta nyingi zilizotawanyika duniani, wala andiko jipya haliingizwi mpaka kompyuta hizo zikubaliane kwa kufuata kanuni zilizowekwa. Bitcoin, iliyoanza 2009, ilitumia daftari la namna hii hasa kwa kuandika uhamisho wa sarafu. Ethereum, iliyofunguliwa Julai 2015, iliongeza jambo moja kubwa: daftari liliweza kubeba programu zinazojitekeleza, ambazo humu tutaziita mikataba ya programu. Mkataba wa namna hiyo unaweza kushika fedha na kuzitoa pindi sharti fulani linapotimia, pasipo mhasibu kutia sahihi.

Hapo ndipo lilipopata nguvu wazo la hazina ya pamoja isiyo na mweka hazina. Wanajumuiya hushika tokeni, yaani alama za kidijitali zinazoandikwa katika daftari. Tokeni hizo huuzwa na kununuliwa sokoni kama mali nyingine, lakini pia hubeba haki ya kupiga kura juu ya hazina. Msomaji azingatie kwamba hapa kanuni si mtu mmoja kura moja, bali tokeni moja kura moja. Asiyetaka kupiga kura mwenyewe anaweza kumkabidhi mjumbe nguvu ya kura zake, na tokeni zikabaki kuwa mali yake. Ili uamuzi uwe halali, kura lazima zifikie akidi, yaani kiwango cha chini kilichowekwa.

Kazi kubwa ya hazina hizi ni kutoa ruzuku. Ruzuku si mkopo wala si ununuzi. Ni fedha anazopewa mtu au kikundi ili afanye kazi itakayowafaa wote: kutunga programu, kuchunguza usalama, kufundisha, kuvuta watumiaji wapya. Kwa kuwa ruzuku hairudi, swali la nani aliyeiruhusu, na lini aliiruhusu, ndilo roho ya utawala wote.

2. Jaribio lililotangulia: The DAO (2016)

Tarehe 30 Aprili 2016 ilifunguliwa hazina iliyoitwa The DAO. Programu yake ilitungwa na watu wa kampuni ya Kijerumani iitwayo Slock.it. Kila aliyetaka alipeleka etha, ambayo ni sarafu ya Ethereum, akapewa tokeni za kupigia kura. Kwa muda wa siku 28 zilikusanywa takriban etha milioni 12, zenye thamani ya dola milioni 150 hivi. Kusudi lilikuwa wazi: wenye tokeni watapiga kura, na miradi watakayoichagua itapata fedha.

Jambo linalotuhusu sisi wanaisimu ni sharti lililowekwa katika masharti ya hazina hiyo. Lilieleza kwamba masharti halisi ni yale yaliyomo katika programu yenyewe, na kwamba maelezo yoyote yaliyoandikwa kwa lugha ya watu hayawezi kuibadilisha programu wala kuiongezea wajibu. Kwa maneno mengine, lugha ya binadamu ilivuliwa mamlaka na kubaki ufafanuzi tu. Waanzilishi walitumaini kwamba wakikwepa maneno, ambayo siku zote huwa na maana zaidi ya moja, watakwepa na ugomvi.

Tarehe 17 Juni 2016 mtu asiyejulikana alianza kutoa fedha za hazina hiyo. Programu ilikuwa na kasoro: ilimlipa anayetoa fedha kabla ya kupunguza salio lake, hivyo mwenye ujuzi aliweza kuomba malipo mara nyingi kabla daftari halijatambua kwamba amekwisha kulipwa. Etha zipatazo milioni 3,6 zilihamishwa. Ndipo likazuka swali ambalo hakuna programu iliyoweza kulijibu: ikiwa programu ndiyo sheria, na programu iliruhusu, huyo mtu aliiba nini?

Wanajumuiya walio wengi hawakukubali kubaki na jibu la programu. Walirudi kwenye maneno ambayo masharti yalikuwa yameyavua mamlaka: « wizi », « kusudi », « haki ». Tarehe 20 Julai 2016 daftari la Ethereum lilibadilishwa ili fedha ziwarudie wenyewe. Walio wachache walishikilia kwamba daftari lisiguswe kamwe, wakaendelea na lile la zamani, linaloitwa Ethereum Classic hadi leo. Mwaka uliofuata, Julai 2017, mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa na dhamana ilitoa ripoti iliyosema kwamba tokeni za The DAO zilistahili kuhesabiwa kuwa dhamana mbele ya sheria, na kwamba haki ya kura waliyokuwa nayo wenye tokeni ilikuwa finyu.

The DAO ilikufa kabla ya kutoa ruzuku hata moja. Hata hivyo iliacha funzo: jumuiya iliyotaka kutawaliwa na programu bila maneno ilijikuta, siku ya msiba, inatafuta neno la kuutaja msiba wenyewe.

3. Kuzaliwa kwa jumuiya ya Arbitrum

Arbitrum ilianza kama utafiti wa chuo kikuu. Katika Chuo Kikuu cha Princeton, nchini Marekani, profesa wa sayansi ya kompyuta Ed Felten na watafiti wenzake Steven Goldfeder na Harry Kalodner walibuni njia ya kupunguza mzigo wa Ethereum: shughuli nyingi zifanyikie pembeni, kisha muhtasari wake uandikwe katika daftari kuu. Walieleza mfumo wao katika makala ya kitaalamu ya 2018, wakaunda kampuni ya Offchain Labs. Mtandao wao, Arbitrum One, ulifunguliwa kwa watu wote mwishoni mwa Agosti 2021.

Kwa mwaka mmoja na nusu mtandao ulikuwa chini ya kampuni. Tarehe 16 Machi 2023 ilitangazwa kwamba mamlaka yatahamishiwa kwa jumuiya ya wenye tokeni, na tokeni hiyo ikaitwa ARB. Tarehe 23 Machi watumiaji wa awali wakaanza kuchukua mgao wao wa bure. Tokeni zote zilikuwa bilioni 10, nazo ziligawanywa hivi: hazina ya jumuiya asilimia 42,78, wafanyakazi wa kampuni na washauri asilimia 26,94, wawekezaji asilimia 17,53, watumiaji asilimia 11,62, na asilimia 1,13 kwa jumuiya nyingine zilizojenga juu ya mtandao huo. Tokeni za wafanyakazi na za wawekezaji zilifungwa kwa muda.

Pamoja na jumuiya uliundwa wakfu, yaani Wakfu wa Arbitrum, uliosajiliwa katika visiwa vya Cayman. Sababu ya kuwa na chombo hicho inaeleweka. Jumuiya ya watu wasiojuana, waliotawanyika katika nchi nyingi, haiwezi kutia sahihi mkataba wa kisheria, kuajiri karani wala kufungua akaunti benki. Lazima awepo mtu mbele ya sheria. Wakfu ulikuwa mtu huyo, na kazi yake ilikuwa kuihudumia jumuiya.

Msomaji aikumbuke ile asilimia 42,78, maana tutairudia.

4. Mgogoro wa Machi na Aprili 2023

Siku chache tu baada ya mgao, wanajumuiya waliletewa pendekezo la kwanza kabisa, lililoitwa AIP-1. Lilikuwa pana mno. Ndani yake mlikuwa na kanuni za kupiga kura, uundaji wa wakfu, baraza la usalama la watu 12, utaratibu wa « ruzuku maalumu » ambazo wakfu ungeweza kutoa bila kurudi kwa wapiga kura kila mara, na fungu la matumizi ya wakfu: tokeni milioni 750, yaani asilimia 7,5 ya tokeni zote. Kwa bei ya sokoni ya siku hizo thamani yake ilikaribia dola bilioni moja.

Wajumbe kadhaa walipinga. Wengine walilalamika kwamba mambo mengi yasiyofanana yamefungwa katika kifurushi kimoja, hata anayekubali moja analazimishwa kukubali yote. Wengine waliuliza kwa nini fungu ni kubwa kiasi hicho na kwa nini halina bajeti iliyofafanuliwa. Hayo yote yalikuwa malumbano ya kawaida ya kikao chochote cha watu wenye hazina. Lakini wakati kura zikiendelea, watu waliozoea kusoma daftari waligundua kwamba sehemu ya fedha hizo ilikuwa imekwisha kuhama.

Mwanzoni mwa Aprili wakfu ulitoa maelezo. Ulieleza kwamba tokeni milioni 50 kati ya zile milioni 750 zilikuwa zimekwisha kutumika: milioni 40 zilitolewa kama mkopo kwa mfanyabiashara mkubwa wa masoko ya fedha, ambaye baadaye ilithibitishwa kuwa ni kampuni ya Wintermute, na milioni 10 zilibadilishwa kuwa fedha za kawaida ili kugharimia kazi. Tena ulieleza kwamba AIP-1 haikuwa pendekezo kwa maana ambayo watu waliidhani. Ilikuwa ni njia ya jumuiya kuridhia maamuzi ambayo yalikuwa yamekwisha kufanywa wakati wa kuiunda.

Hoja ya wakfu haikuwa ya kipuuzi, na ni haki tuieleze kwa uaminifu. Ni hoja ya kuku na yai. Kabla jumuiya haijakuwapo, hakuna wa kumwomba ruhusa. Mtu fulani lazima aandike kanuni za kwanza, achague baraza la kwanza, alipe gharama za kwanza. Ikiwa kila jambo lingengoja kura, ni kura ya nani, na kwa kanuni ipi? Waanzilishi wa chama chochote, hata cha wanafunzi wa kitivo kimoja, hukutana na tatizo hili: kikao cha kwanza huitishwa na mtu ambaye hakuna kikao kilichomtuma.

Ila wapiga kura hawakuridhika, na kwa sababu moja. Neno waliloletewa lilikuwa « pendekezo », na kisanduku walichowekewa kilikuwa na majibu mawili, ndiyo na hapana. Mahali palipo na hapana, mtu huamini kwamba hapana yake inaweza kuzuia jambo. Sasa waliambiwa kwamba jambo limekwisha kuwa. Kura zilielekea kukataa kwa zaidi ya asilimia 70. Wakfu ukasalimu amri: ulitangaza kwamba AIP-1 itavunjwa katika sehemu ndogo na kuletwa upya.

Tarehe 5 Aprili ziliwekwa mbele ya wanajumuiya rasimu mbili. AIP-1.1 ilihusu fedha: tokeni milioni 700 zilizobaki zitafungwa katika mkataba wa programu, ziachiliwe kidogo kidogo kwa miaka minne, na wakfu utoe bajeti na taarifa za matumizi. AIP-1.2 ilisahihisha katiba ya jumuiya na kanuni za wakfu, na kupunguza idadi ya tokeni anazohitaji mjumbe ili kuleta pendekezo, kutoka milioni 5 hadi milioni 1. Wakati huohuo baadhi ya wanajumuiya walileta pendekezo lao, AIP-1.05, lililotaka wakfu urudishe zile milioni 700 kwa hazina ya jumuiya kama ishara kwamba mwenye mali ni jumuiya.

Mwisho wa yote unastaajabisha. AIP-1.05 ilikataliwa na wengi. AIP-1.1 na AIP-1.2 zilikubaliwa kwa kura nyingi. Wakfu ulibaki na tokeni zake milioni 700. Ndiyo maana katika hesabu rasmi za leo hazina ya jumuiya si asilimia 42,78 tena, bali asilimia 35,28, na wakfu una asilimia 7,5. Ukijumlisha hizo mbili, unapata idadi ileile ya kwanza.

5. Uchambuzi wa vitenzi

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Fedha zilizokataliwa mwanzoni mwa Aprili na fedha zilizokubaliwa majuma machache baadaye zilikuwa kwa sehemu kubwa fedha zilezile, zikiwa mikononi mwa wakfu uleule. Ni kweli kwamba ziliongezewa kufuli, bajeti na taarifa, nayo ni mambo yenye uzito. Lakini wapiga kura waliokataa kuzirudisha hazinani walionyesha kwamba ukubwa wa fungu peke yake haukuwa sababu ya hasira yao. Kilichobadilika ni kile walichoombwa kutenda. Tuvitazame vitenzi vitatu.

(a) Kupendekeza. Kitenzi hiki kimetokana na shina pend-, likaongezwa -ek- ya kutendeka, kisha -ez- ya kusababisha. Kupendekeza, kwa asili ya umbo lake, ni kukifanya kitu kipendeke. Anayependekeza ameweka kitu mbele ya watu ili kitazamwe, na kitu hicho chaweza kisipendeke. Pendekezo ambalo haliwezi kukataliwa limepoteza maana ya jina lake.

(b) Kuidhinisha. Shina lake ni nomino idhini, iliyotoka katika Kiarabu, yenye maana ya ruhusa. Idhini hutazama mbele. Mtoto huomba idhini ya kutoka kabla ya kutoka. Akiisha kutoka na kurudi, hakuna tena idhini ya kuomba. Idhini ikifuata tendo, ni idhini kwa jina tu.

(c) Kuridhia. Kitenzi hiki kimetokana na kuridhi, pamoja na kiambishi cha kutendea: ni kuwa radhi juu ya jambo fulani, na jambo hilo limekwisha kuwekwa mbele ya mtu, likiwa limeandikwa, limetiwa sahihi au limetendeka. Ndiyo maana Kiswahili cha sheria husema kwamba nchi « huridhia » mkataba uliokwisha kutiwa sahihi na wajumbe wake.

Mtu ataweza kutupinga akisema kwamba hospitalini mgonjwa hutoa ridhaa yake kabla ya kupasuliwa, si baada. Ni kweli. Ridhaa yaweza kutangulia na yaweza kufuata. Yenyewe haifungwi na wakati. Lakini hapo ndipo hatari yake ilipo. Idhini inatulazimisha kuuliza jambo lilitendeka lini; ridhaa haitulazimishi. Anayetaka kuficha wakati wa tendo hupata maficho katika ridhaa, na zaidi katika kitenzi kupitisha, ambacho hakisemi lolote juu ya wakati.

Tena Kiswahili kina ushahidi mwingine, ulio wazi kuliko huu wote. Kutokana na mzizi uleule wa ridhaa tumepata neno radhi, na kuomba radhi ni kuomba msamaha. Anayeomba idhini bado hajatenda. Anayeomba radhi amekwisha kutenda. Wakfu wa Arbitrum, uliposema kwamba kura ilikuwa ya kuridhia, ulidhani unaeleza utaratibu. Kwa masikio ya Kiswahili ulikuwa umesogea karibu na kuomba radhi, ila bila kukiri kosa. Na wapiga kura, ingawa wengi wao hawajui neno moja la Kiswahili, walilisikia jambo hilohilo.

Tofauti hii si ngeni katika sheria za nchi yetu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 214, inataka mikataba ya aina fulani, miongoni mwake ile inayofunga fedha za umma, isiridhiwe ila kwa nguvu ya sheria. Maana yake, idhini ya wawakilishi itangulie, ridhaa ya dola ifuate. Aliyeandika kifungu hicho alijua kwamba mahali penye fedha za wote haitoshi watu kuwa radhi baadaye.

6. Baada ya idhini: ruzuku za 2023 hadi 2025

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa na kusema kwamba idhini ilishinda. Historia iliyofuata inatuzuia.

Septemba 2023 wanajumuiya wa Arbitrum waliidhinisha tokeni milioni 50 zitolewe ruzuku kwa miradi iliyojengwa juu ya mtandao, kwa muda mfupi, ili kuvuta watumiaji. Safari hii utaratibu ulifuatwa: kila mradi ulileta ombi lake, na kila ombi lilipigiwa kura. Maombi yakawa mengi kiasi kwamba wajumbe walitakiwa kusoma makumi ya maandishi marefu kwa majuma machache tu. Miradi iliyopata kura za kutosha ilizidi fungu lililotengwa, na kabla ya mwaka kwisha iliombwa nyongeza ya tokeni milioni 21,4 kwa ile iliyokosa nafasi. Nyongeza nayo ikaidhinishwa. Mwaka uliofuata, katika awamu nyingine, waliunda baraza dogo na washauri wachambue maombi kwanza. Yaani, baada ya kudai kuulizwa kila jambo, waligundua kwamba kuulizwa kila jambo ni mzigo.

Juni 2024 waliidhinisha tokeni milioni 225 kwa mpango wa miaka mitatu wa kukuza michezo ya kompyuta. Tukilinganisha, hiyo ni karibu theluthi moja ya zile milioni 750 zilizowasha moto 2023. Safari hii watu waliulizwa mapema, wakajibu ndiyo.

Aprili 2025 likatokea jambo la kutia mashaka zaidi. Katika uchaguzi wa wajumbe wa kamati ya usimamizi na uwazi, mtu mmoja alikodi kupitia soko la kura nguvu ya tokeni milioni 19,3 kwa malipo ya etha 5, yaani kama dola 10.000. Tokeni zenyewe zilikuwa na thamani ya mamilioni ya dola. Hakuna kufuli lililovunjwa wala kanuni ya programu iliyokiukwa: wenye tokeni walikuwa wamekabidhi kura zao kwa hiari ili zikodishwe. Swali la 2016 likarudi likiwa na vazi jipya. Ikiwa programu imeruhusu na mwenye kura ameruhusu, ni nini kilichoharibika?

Jibu letu ni kwamba iliharibika idhini yenyewe. Idhini ni tendo la mtu anayejua anachokiruhusu na aliye huru kukikataa. Anayekodisha kura yake hatoi idhini. Anatoa chombo cha idhini kwa mtu mwingine. Daftari litaandika kwamba kura imepigwa, na litakuwa limesema kweli. Ila halitaandika kama kulikuwa na mtu aliyeamua.

7. Hitimisho

Tumeona vituo viwili vya historia fupi. 2016 jumuiya ilijaribu kuyanyima maneno mamlaka, na maneno yakarudi siku ya msiba. 2023 jumuiya nyingine ilijenga daftari linaloonyesha kila uhamisho wa tokeni, na daftari hilo likafanya kazi yake vizuri: ni lenyewe lililofichua kwamba fedha zimehama. Lakini daftari halikuweza kusema kama uhamisho huo ulikuwa halali. Hilo lilitegemea kitenzi. Hazina ya pamoja hulindwa na kitenzi kabla ya kulindwa na kufuli.

Kwa sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili kuna wajibu wa wazi. Habari za jumuiya hizi zinafika kwa vijana wetu, na baadhi yao wanaomba ruzuku zake au wanashika tokeni zake. Wengi wanazisoma kwa Kiingereza au kwa Kifaransa, kisha wanaelezana kwa Kiswahili. Ikiwa katika kuelezana huko tutatumia kupitisha kwa kila kitu, tutakuwa tumewanyima watu chombo ambacho lugha yao inacho tayari. Tunapendekeza, basi, kwamba katika tafsiri na katika kumbukumbu za mikutano kuidhinisha kutumike pale tu ambapo tendo halijafanyika na laweza kuzuiwa, kuridhia pale ambapo watu wanalikubali jambo lililokwisha kuwekwa, na kwamba mwandishi asione haya kuandika tarehe ya tendo kando ya tarehe ya kura.

Yule mwanafunzi aliyeuliza kura ni ya nini ikiwa fedha zimekwisha kutumika tulimjibu siku ile kwamba tutalifikiria swali lake. Jibu letu ni hili: kura ya namna hiyo ina kazi moja tu, nayo ni kusema hapana kwa sauti kubwa kiasi kwamba safari ijayo watu watauliza kwanza. Wenye tokeni wa Arbitrum walisema hapana hiyo Aprili 2023, na waliulizwa kwanza baada ya hapo. Kama wataendelea kujibu wao wenyewe, au wataikodisha sauti yao kwa etha tano, hilo haliwezi kuandikwa katika mkataba wowote wa programu.